Mwali Asiye na Somo

Elimu ya uzazi kwa vijana ni mafundisho yanayomwandaa mtoto wa kike au wa kiume kuujua mwili wake unavyobadilika, mimba inavyoingia, magonjwa ya zinaa yanavyoambukizwa, na namna ya kuishi na mwenzake wa jinsia nyingine kwa heshima na bila kudhulumiwa. Afrika Mashariki huizungumzia mara nyingi kana kwamba imeletwa juzi na wafadhili. Lakini jamii nyingi za pwani na bara zilikuwa nayo zamani, ikiwa na walimu wake, ada zake na mahali pake pa kufundishia. Walimu wale wamepungua, shule imechukua muda wa mtoto bila kuichukua kazi yao, na mzazi, ambaye kwa mila hakupaswa kuyasema mambo haya, ndiye anayenyooshewa kidole mimba inapoingia.

Kwa Wazaramo, Wamakonde, Wayao, Wamakua na Waswahili wa mwambao, msichana aliyevunja ungo aliitwa mwali, na tangu hapo hakuhesabiwa mtoto tena. Mama mzazi alikuwa wa mwisho kusema naye. Habari ilipitia kwa bibi au shangazi, akatafutwa somo, mwanamke mzima mwenye heshima zake ambaye angekuwa mlezi na msiri wa binti huyo kwa miaka mingi ijayo, na kazi ya kumfunda katika unyago ikaachiwa makungwi. Uzaramoni mwali aliwekwa ndani, zamani kwa miezi mingi na hata zaidi ya mwaka, asionekane na wanaume, hadi siku ya kutolewa nje kwa ngoma. Humo ndani alifundishwa kujihifadhi akiwa mwezini, kufua vitambaa vyake na kuvianika mahali visipoonekana, kujisafisha, kusema na wakubwa, kukaa na mume na wakwe, na mambo ya chumbani yenyewe, bila kificho ila kwa mafumbo.

Mafumbo hayo yalikuwa na zana zake. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya sanamu za udongo zilizotumiwa kufundishia wali na vijana wa jando, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1956. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na fundisho lake, na fumbo halikuachwa likining'inia. Lilifumbuliwa palepale mbele ya mwanafunzi. Kwa vipimo vya ualimu wa leo, njia hiyo inaushinda kwa mbali mchoro wa ubaoni usioulizwa swali. Unguja nako ngoma ya unyago iliendelea kupigwa hadi zama hizi. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alijulikana pia kama kungwi. Vijana wa kiume walipelekwa jandoni, wakatahiriwa na ngariba, wakafundwa kumbini na wanaume ambao kwa kawaida hawakuwa baba zao.

Ukimya wa wazazi, basi, haukuwa uzembe. Ulikuwa mgawanyo wa kazi. Haya ilitawala kati ya mzazi na mwana, na utani kati ya mjukuu na babu au bibi. Palipokuwa na utani ndipo maneno mazito yalipopitishwa. Baganda walimpa kazi hiyo ssenga, dada wa baba. Mzazi wa Tanga au Mombasa leo anayeshindwa kumwambia binti yake chochote zaidi ya "umekua sasa, usicheze na wavulana" anafuata nusu ya mila. Nusu ya pili, ya somo na bibi, imebaki kijijini au imekufa.

Hata hivyo unyago si wa kutamaniwa wote kama ulivyokuwa. Ulimwandaa msichana kwa ajili ya mume, na mume huyo hakuwa mbali. Kati ya kutolewa nje na kuolewa palipita muda mfupi. Alifundishwa kumridhisha mwanamume kuliko kumkatalia. Siku hizi kati ya kuvunja ungo na ndoa hupita miaka mingi, na katika miaka hiyo msichana yuko darasani. Tena kusini mwa Tanzania, Lindi na Mtwara, sherehe zimesogezwa zifuate likizo za shule, na watoto huingizwa mapema, wengine kabla hata ya kubalehe. Mtoto wa miaka tisa aliyefundwa mambo ya ndoa na kurudi shuleni Januari akiambiwa na wenzake kwamba sasa ni mtu mzima amepewa somo lisilo la umri wake. Mjini mambo yamekwenda upande wa pili kabisa. Kungwi anaitwa kwenye kicheni pati, anamfunda bibi harusi wa miaka 28 mwenye digrii, ambaye mafundisho hayo alikuwa akiyahitaji alipokuwa na miaka 13.

Makanisa ya kimisionari mengi yalipiga vita jando na unyago kwa kuziona ni mila za kipagani. Masasi ilikuwa tofauti. Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliona kwamba waumini wake wangepeleka watoto kumbini kanisa litake lisitake, akaamua kuibatiza mila yenyewe. Jando la Kikristo likawa na padri, sala na mafundisho ya dini, na likashika mizizi. Kwa unyago haikuwa rahisi hivyo, kwa sababu mafundisho yake yalikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na mapadri walikuwa wanaume.

Upande wa Uislamu haya haikuwa sababu ya kunyamaza. Mtoto wa madrasa hufundishwa tohara, hedhi, nifasi na josho la janaba kwa majina yake, kwa kuwa sala haisihi bila hayo, na walimu husema wazi kwamba hakuna haya katika dini. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba kijana huyohuyo anaweza kutoka chuoni akiwa amesoma masharti ya kuoga baada ya tendo, kisha akaingia shule ya serikali ambako mwalimu wa sayansi anairuka sura ya uzazi. Madrasa nayo ina mpaka wake: inafundisha hukumu za ibada, na haikusudii kueleza siku ambazo mwanamke hushika mimba au njia za kuizuia.

Shule ilichukua nafasi kubwa zaidi Tanzania ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Watoto waliokuwa wakilelewa na bibi mchana kutwa wakawa darasani. Chama cha Uzazi na Malezi Bora, UMATI, kilikuwapo tangu 1959, lakini kazi yake ilihusu hasa watu wazima wenye ndoa. Kilichovunja ukimya ni ukimwi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka ya tisini mada za virusi na kujikinga zikaingizwa katika masomo ya sayansi na uraia. Mlango huo uliofunguliwa na kifo uliacha alama yake. Kizazi kizima kilifundishwa kuhusu tendo la ndoa kwa picha za mifupa, makaburi na maonyo, na ujauzito, ambao kwa msichana wa darasa la saba ulikuwa hatari iliyo karibu zaidi, ukapewa mistari michache.

Hali ya darasani yenyewe haijasaidia. Mwalimu kijana wa kiume anasimama mbele ya wanafunzi sabini, nusu yao wasichana, baadhi wakiwa watoto wa jirani zake. Anachora ubaoni via vya uzazi, anaandika majina, anaamuru wanakili, na kicheko cha nyuma kinapoanza anafuta ubao. Katika sekondari za Tanzania somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kupata alama zote za mtihani bila kuweza kumweleza mdogo wake kwa Kiswahili chenye adabu kinachotokea mwezini. Maswali ya kweli yanabaki kwa marafiki, na sasa kwa simu.

Majibu yanayopatikana huko ni yaleyale tangu enzi: kwamba mara ya kwanza mimba haiingii, kwamba kujiosha au kusimama mara baada ya tendo kunaitoa mbegu, kwamba ambaye hajaona siku zake hawezi kushika mimba. Yote si kweli. Yai la kwanza huweza kukomaa kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo msichana anaweza kupata ujauzito kabla hajawahi kuona damu. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka kwa wastani siku ya 14, na mbegu za mwanamume huweza kuishi mwilini mwake hadi siku tano. Siku za hatari ni hizo zinazotangulia kutoka kwa yai pamoja na siku yenyewe. Wengi hudhani ni siku zinazofuata hedhi papo hapo au zinazoitangulia. Na kwa msichana wa miaka 14 hata hesabu sahihi haitegemeki, maana katika miaka ya mwanzo mzunguko hupanda na kushuka, mwezi huu siku 24, mwezi ujao 40.

Ukubwa wa jambo lenyewe unapimwa na tafiti za kitaifa za afya ya uzazi zinazofanywa kila baada ya miaka kadhaa. Tanzania, katika utafiti wa 2015-16, asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 22. Kenya ilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022, ingawa Samburu peke yake ilifikia 50. Zanzibar mwaka 2015-16 ilikuwa na asilimia 8 tu. Katika utafiti huohuo wa Tanzania, wasichana ambao hawakusoma kabisa walikuwa na kiwango cha asilimia 52, na waliofika sekondari asilimia 10. Pengo hilo lisisomwe kwa haraka kwamba darasa peke yake ni kinga, kwa kuwa mimba nayo ndiyo inayomtoa msichana darasani, na umaskini unafanya yote mawili.

Takwimu hizi pia hupotoshwa kirahisi. Mwaka 2020, shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona, kaunti ya Machakos iligonga vichwa vya habari kwa karibu mimba elfu nne za wasichana katika miezi michache. Hesabu ilitoka kwenye rekodi za kliniki za wajawazito na ilijumuisha wenye miaka 18 na 19, ambao baadhi yao wameolewa. Gazeti lilipoandika "wanafunzi" wote wakawa wanafunzi. Kilifi, kwa upande wake, lawama ziliangukia disko matanga, zile ngoma za usiku kucha za kuchangisha fedha za mazishi, hadi wakuu wa serikali wakazipiga marufuku. Disko matanga zina madhara yake, lakini mimba nyingi hazihitaji disko.

Kwamba kufundisha vijana kunawachochea kuanza mapema ndiyo hoja ya zamani kuliko zote, na ndiyo iliyochunguzwa zaidi. UNESCO ilipotoa mwongozo wake wa elimu ya jinsia mwaka 2009 na kuurekebisha mwaka 2018, ilipitia tafiti kutoka nchi nyingi na haikukuta ushahidi kwamba mafundisho hayo yanaongeza kujamiiana. Jibu hilo limewaridhisha wataalamu, lakini limefunika swali gumu zaidi: je, mafundisho yanapunguza chochote? Kwa hilo Afrika Mashariki ina ushahidi wake yenyewe, na haukuwa wa kufurahisha mwanzoni.

Mkoani Mwanza, kuanzia 1999, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF na chuo cha tiba za nchi za joto cha London waliendesha mpango wa MEMA kwa Vijana. Jumuiya 20 zilichaguliwa. Kumi zilipata mpango, kumi zikawa za kulinganishia. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa kwa vipindi vilivyoandaliwa vizuri, kwa michezo ya kuigiza iliyochezwa na wenzao, na wahudumu wa zahanati wakapewa mafunzo ya kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Baada ya miaka mitatu vijana walijua zaidi na walisema watafanya vizuri zaidi. Lakini vipimo vya damu na vya mimba havikuonyesha tofauti ya maana kati ya pande mbili, na ufuatiliaji wa 2007 na 2008 ulithibitisha hivyohivyo. Wachunguzi walioishi vijijini humo walieleza sababu mojawapo: uhusiano wa wasichana wengi ulikuwa na zawadi ndani yake, hela ya sabuni, ya mafuta, ya daftari, na zawadi ilitarajiwa kama jambo la heshima. Msichana aliyejua kila kitu kuhusu virusi bado alihitaji sabuni.

Magharibi mwa Kenya majaribio mawili yaliyofanywa katika shule 328 za msingi yalifika mahali pengine. Katika jaribio moja lililoanza mwaka 2003, baadhi ya shule zilipewa sare bure kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, nyingine walimu wake walifundishwa mtaala wa serikali wa ukimwi uliosisitiza kusubiri hadi ndoa, nyingine zikapata vyote. Baada ya miaka saba ya ufuatiliaji, sare peke yake zilipunguza utoro, mimba na ndoa za mapema. Mtaala wa kusubiri peke yake haukupunguza mimba wala magonjwa. Vazi la shule lililomwondolea mzazi gharama lilifanya kazi kuliko wiki za mahubiri.

Jaribio la pili, lililofanywa mwaka 2004 na mwanauchumi Pascaline Dupas, lilikuwa dogo kiasi cha kuonekana mzaha. Mtu aliingia darasa la nane katika shule 71, akaonyesha video fupi ya msichana anayetongozwa na mwanamume mtu mzima, akaongoza mazungumzo ya dakika arobaini hivi, na akaandika ubaoni viwango vya maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa wanaume na wanawake wa kila rika katika eneo lao. Basi. Wasichana waliona kwa macho yao kwamba wavulana wa umri wao walikuwa na maambukizi machache sana, na wanaume wenye umri mkubwa walikuwa nayo mengi. Mwaka uliofuata mimba katika shule hizo zilikuwa pungufu kwa asilimia 28 zikilinganishwa na shule nyingine, na zilizopungua ni zile za wanaume wakubwa. Baadhi ya wasichana walisema wamehamia kwa vijana wa rika lao, jambo ambalo mzazi hatalifurahia, lakini mwanamume mwenye pesa na mke nyumbani ndiye aliyekuwa akiwapa mimba. Mtaala wa "subirini" ulikuwa umewaweka wanaume wote kapu moja.

Mwanamume huyo ana jina mitaani. Tanzania aliitwa fataki, baada ya kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya elfu mbili iliyomchekesha na kumwaibisha kiasi kwamba neno likabaki kwenye mazungumzo. Kenya ni sponsa au mubaba. Si lazima awe tajiri. Vijijini mara nyingi ni dereva wa bodaboda, muuza duka, kondakta, fundi aliyelipwa wiki hii. Lifti ya kwenda shule na sahani ya chipsi vinatajwa sana kwenye vikao vya wazazi kwa namna ya kuwacheka wasichana kuwa wanahongwa kirahisi, lakini msichana anayetembea kilomita saba kwenda shule ya kata na kilomita saba kurudi, bila kula mchana, hahongwi kwa lifti. Anasaidiwa kwanza, halafu anadaiwa. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia 2006 zilileta sekondari karibu, lakini si karibu vya kutosha, na wasichana wengi wa mikoa kama Katavi, Rukwa na Songwe hupanga vyumba, magheto, karibu na shule, wakijipikia na kujilinda wenyewe wakiwa na miaka 14. Mabweni ya wasichana yamejengwa katika baadhi ya kata kwa sababu hiyohiyo.

Zahanati ni kiungo kingine. Miongozo ya uzazi wa mpango ya Tanzania inamruhusu kijana kupata huduma. Muuguzi wa kijiji, ambaye huenda ni rafiki wa mama yake, anauliza mbele ya foleni kama ameolewa, na msichana anaondoka bila kusema alichojia. Wengi hurudi baada ya miezi kadhaa wakiwa na tumbo, au wanaletwa na damu ikitoka baada ya kujaribu kuitoa mimba kwa siri. Sheria ya Tanzania inaruhusu mimba kutolewa kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama tu. Huduma baada ya mimba kuharibika, iwe imeharibika yenyewe au imetolewa, inaruhusiwa, na kuchelewa kuifuata kwa hofu ya polisi kumeua.

Kwa mwili ambao haujakomaa, kuzaa ni hatari ya peke yake. Shirika la Afya Duniani linaweka matatizo ya ujauzito na uzazi miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Kifafa cha mimba huwapata zaidi, watoto njiti ni wengi zaidi, na nyonga nyembamba ya msichana wa miaka 14 huweza kumkwamisha mtoto njiani siku mbili au tatu. Akikosa upasuaji kwa wakati, mtoto hufa na mama hubaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kukoma. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo.

Sheria imelishughulikia jambo hili kwa ukali na kwa mkanganyiko. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 inahesabu kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa ubakaji hata akikubali, isipokuwa awe mke wa mwanamume huyo na ametimiza miaka 15. Sheria ya ndoa ya 1971 ndiyo iliyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Kisha marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 2016 yakaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Kwa hiyo wasichana wawili wa miaka 16 wa kijiji kimoja wanaweza kuwa chini ya sheria mbili tofauti: wa shule, anayemgusa anakwenda jela, aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba, anayemposa anapokewa na vinywaji. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kupinga vifungu hivyo vya ndoa, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya serikali Oktoba 2019. Bunge halikuvirekebisha ndani ya mwaka mmoja uliotolewa.

Kesi za miaka 30 nazo hazifiki mbali kama inavyotarajiwa. Familia mbili hukaa, zinamalizana kwa ng'ombe au fedha, binti anapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine, na siku ya kesi hakuna shahidi. Wakati mwingine mshtakiwa ni mvulana anayesoma darasa moja na binti huyo.

Wakati huohuo adhabu iliyotekelezwa bila kukosa ilikuwa ya msichana. Shule za Tanzania Bara ziliwafukuza wajawazito kwa miongo kadhaa; kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia katika ndoa, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa hilo. Ilizoeleka wasichana wote kupangwa mstari mara kadhaa kwa mwaka, wakapimwa mkojo au kubonyezwa tumbo na muuguzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mvulana aliyehusika, kama alikuwa mwanafunzi, hakuwa na kipimo. Juni 2017 huko Chalinze, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake hakuna aliyezaa atakayerudi shuleni. Hoja ya waliomuunga mkono ilikuwa kwamba kurudi kungewafundisha wengine kuwa mimba haina gharama. Wasichana, hata hivyo, walikuwa wakiilipa gharama hiyo tangu zamani, na mimba hazikukoma.

Zanzibar, ambako zamani mwanamke asiye na mume aliyeshika mimba angeweza kufungwa jela, ilibadili sheria mwaka 2005, na wasichana wake waliruhusiwa kurudi shuleni miaka mingi kabla ya Bara. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu 1994 na iliandika miongozo mipya mwaka 2020. Bara, mabadiliko yalikuja Novemba 2021, miezi minane baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuingia madarakani, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kuwa waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurejea. Mwaka uliofuata Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba upimaji wa lazima na ufukuzaji vilikiuka mkataba wa haki za mtoto ambao Tanzania imeuridhia.

Miongozo ilimpa aliyejifungua hadi miaka miwili ya kurudi. Wanaorudi ni zaidi wale wenye bibi wa kubaki na mtoto, sare mpya ya kutosha mwili uliobadilika, na mara nyingi shule ya pili ambako historia yao haijulikani. Walimu wakuu wengine huwapokea. Wengine humshauri baba kwa upole amtafutie binti cherehani. Wasioweza kukaa darasani siku nzima huelekezwa kwenye vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja na kufungwa kwa mtihani wa maarifa, na cha tatu na cha nne kwa mwaka unaofuata.